Michoro Tisa Iliyojiumbua

Kuna fundi fremu mmoja Kariakoo ambaye kila nikimpelekea kazi hunicheka kabla hajaipokea. Wateja wengine humletea picha za harusi, za mahafali, za Kaaba na za Bikira Maria. Mimi humletea vita. Safari hii nilimbebea nakala tisa, nyingi zikitokana na magazeti ya kale ya Ulaya, za zama zile ambapo kila taifa lenye meli na baruti lilikuwa Afrika likigawana mali ya wenyewe. Akazipekua moja moja, akasugua kidevu, akaniuliza: "Mzee wa picha, hivi hawa jamaa walikuwa hawashindwi hata siku moja?"

Walikuwa wanashindwa, tena vibaya. Ila kushindwa kwao kulipita kwanza kwa seremala.

Nilipomweleza hivyo akavua miwani, maana mbao ndiyo lugha yake. The Illustrated London News lilianza mwaka 1842, na mshindani wake The Graphic likafuata mwishoni mwa 1869. Gazeti lilimtuma mchoraji vitani. Huko alichora kwa penseli, mbiombio, na pembeni akaandika maelekezo kwa asiyekuwepo: hapa moshi, pale mlima, huyu ndiye jenerali. Karatasi ikapanda farasi, ikapanda meli, ikafika London baada ya wiki kadhaa. Hapo mchoraji mwingine, aliyekaa karibu na moto na kikombe chake, akaichora upya juu ya ubao mgumu, ili uchongwe na kuchapishiwa gazeti. Mti wenyewe una shina jembamba, kwa hiyo ubao wa ukurasa mzima ulikuwa ni vipande kadhaa vilivyokazwa kwa boliti. Kukiwa na haraka boliti zilifunguliwa, kila mchongaji akapewa kipande chake, wakakesha nacho, asubuhi vikaunganishwa. Kwenye baadhi ya kurasa utaona mstari mweupe, mwembamba kama uzi, umekata mbingu vipande viwili au umepita shingoni mwa farasi. Hapo ndipo vipande vilipokutana.

Fundi akapitisha ukucha juu ya mstari mmoja. "Kiungo hiki hakikubanwa," akasema, kwa dharau ya kitaalamu kabisa.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hawa waliwamba usiku kucha. Nimepanga orodha kwa jinsi kila mchoro ulivyomuumbua aliyeuchapisha, kuanzia aibu ndogo kwenda kubwa. Asiyekubaliana na mpangilio aje Kariakoo tubishane. Chai juu yake.

Namba 9: Kibinti na mbwa mwitu

Le Petit Journal, Paris, 20 Novemba 1898. Ufaransa ni kibinti wa hadithi ya watoto, kavaa kofia nyekundu, kabeba keki iliyoandikwa Fashoda. Mbele yake ni bibi mwenye meno marefu mno kwa bibi yeyote: Uingereza.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mwanajeshi wa Kifaransa, Marchand, na kikosi chake cha askari wa Senegal walitoka pwani ya Atlantiki, wakatembea na kupiga kasia karibu miaka miwili, wakafika Fashoda kwenye mto Nile tarehe 10 Julai 1898 na kupandisha bendera. Mwezi Septemba akaja jenerali wa Kiingereza, Kitchener, na jeshi kubwa zaidi na bendera yake. Mwishowe Wafaransa wakafunga virago. Yaani mtu kavuka bara zima na bunduki begani, halafu gazeti la kwao linamchora kama mtoto aliyetumwa kwa bibi.

Na keki ni ya nani? Washilluk, wenye mji wenyewe, hawamo pichani hata kama makombo.

Namba 8: Malkia wa vitisho

Gazeti lilelile, 1892. Kiambatisho chake cha rangi kiliuzwa santimu tano, bei ambayo hata dobi aliimudu. Mwaka huo mada ilikuwa Dahomey, Benin ya leo: Mfalme Behanzin na jeshi lake la wanawake. Walichorwa macho yametoka, panga juu, kama ndoto mbaya ya mtu aliyekula sana usiku.

Ajabu ni kwamba Paris hiyohiyo, miaka hiyohiyo, ililipa kiingilio bustanini kwenda kutazama wanawake wa "Dahomey" wakicheza ngoma. Asubuhi unawaogopa kwenye gazeti, jioni unawapigia makofi.

Ajabu ya pili: aliyeongoza jeshi la Ufaransa, Alfred Dodds, alizaliwa Saint-Louis, Senegal, na alikuwa na damu ya Kiafrika. Yeye alichorwa kwa nishani na masharubu. Rangi, kumbe, ilitegemea umesimama upande gani wa mzinga.

Behanzin alihamishiwa Martinique, akafia Algiers mwaka 1906. Mwaka 2021 Ufaransa ilirudisha Benin vitu 26 vilivyoporwa, kimojawapo sanamu ya Behanzin mwenyewe, nusu mtu nusu papa. Mwaka uliofuata Cotonou ikazindua sanamu ya mwanamke askari yenye urefu wa mita 30. Ukurasa wa gazeti ulikuwa mkubwa kama kitambaa cha stuli.

Namba 7: Mfalme ana sura!

Tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Italia lilivunjwa Adwa, Ethiopia. Waliokufa upande wake, Waitaliano na askari wa Eritrea, walikuwa maelfu. Miaka miwili baadaye Le Petit Journal likamchapisha Menelik, mfalme wa Ethiopia, akiwa vitani, juu ya farasi, kwa heshima zote. Angalia muujiza: Mfaransa alipoona aliyechapwa ni Mwitaliano, ghafla akagundua kwamba mfalme wa Kiafrika ana jina, ana uso na anakaa vizuri kwenye tandiko.

Waethiopia walichora yao. Katika desturi yao mtu mwema huonyeshwa uso mzima, macho mawili. Adui huchorwa ubavu, jicho moja. Basi tazama michoro yao ya Adwa: safu nzima ya Waitaliano wenye jicho moja moja. Ni upendeleo mtupu, lakini angalau wametuambia kanuni yao mapema.

Namba 6: Twiga wa paredi

Huu ni wa kuchekesha kwa makusudi, na ndiyo maana unauma. Simplicissimus, jarida la kejeli la Munich, lilichapisha mwaka 1904 katuni za Thomas Theodor Heine kuhusu mataifa yanavyotawala makoloni. Mwingereza: mfanyabiashara anamnywesha Mwafrika wiski, askari anakaza shinikizo kumkamua, mmishonari anasoma. Mfaransa: mahaba. Mbelgiji: Mfalme Leopold anamla mtu aliyechomwa. Mjerumani je? Kawafunga mamba midomo na kuwafundisha twiga kutembea kwa kuinua mguu juu kama askari wa paredi.

Umeona mgawanyo wa dhambi? Wengine wanakamua na kula watu. Sisi Wajerumani tatizo letu ni nidhamu kupita kiasi. Fundi alicheka sana kwa twiga, na mimi nikamwacha acheke, kisha nikamwambia tarehe. Katuni ilitoka mwezi Mei. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo, huko Namibia ya leo, Jenerali von Trotha wa Ujerumani alitoa amri ya kuwaangamiza Waherero. Mwaka uliofuata Maji Maji ikaanza hapa kwetu. Heine alikuwa mkali kuliko wenzake wote, tena kwa kalamu yake aliwahi kufungwa gerezani. Bado hakuwa mkali wa kutosha.

Namba 5: Mchoraji mwenye mfuko

Huyu hakuwa mtu wa gazeti, lakini ninampa nafasi kwa hisani. Mwaka 1868 Uingereza ilituma jeshi Ethiopia kuwakomboa mateka wa Mfalme Tewodros. The Illustrated London News lilishiba michoro: tembo kutoka India wakibeba mizinga milimani, mahema, majenerali. Tarehe 13 Aprili ngome ya Magdala ikavunjwa na Tewodros akajiua kwa bastola iliyotoka kwa Malkia Victoria kama zawadi. Msiniulize mimi kuhusu adabu ya zawadi.

Kwenye msafara alikuwepo Richard Holmes, mtaalamu wa British Museum. Akaketi mbele ya maiti ya mfalme, akachora uso wake. Mkono mmoja ulishika penseli. Wa pili ulikuwa na shughuli zake: akanunua taji la dhahabu kutoka kwa askari, na picha takatifu ya Kristo mwenye taji la miiba, iliyokuwa ya wafalme wa Ethiopia, akajiwekea mwenyewe. Nyara za Magdala zilihitaji tembo 15 na karibu nyumbu 200 kuzibeba. Nywele za Tewodros zilirudi Addis Ababa mwaka 2019.

Namba 4: Vita vilivyomkosa mchoraji

Hapa nitakaa kidogo, maana ni nyumbani.

Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Unguja tarehe 25 Agosti 1896. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila kuomba ruhusa ya Waingereza. Admirali wao, Rawson, akampa hadi saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27. Meli tano za kivita zikajipanga mbele ya Forodhani, karibu kiasi kwamba mtu wa barazani angeweza kuhesabu mizinga. Saa tatu na dakika mbili wakafyatua. Ilipofika kama saa tatu na dakika arobaini, kwisha. Upande wa Unguja watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja.

Fikiria sasa mchoraji wa London. Hajafungasha. Hajachonga penseli. Mhariri anamwita, "Kuna vita Zanzibar," na kabla hajavaa koti anaambiwa, "Basi, acha." Ndiyo maana zinazozunguka hadi leo, hata kwenye maduka ya Mji Mkongwe, ni picha za kamera za baadaye: kasri limetobolewa kama chujio, na milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani, imechomoza majini kama mtu anayeomba msaada bila sauti.

Picha hizo ndizo zinazoumbua. Mchoraji angetuletea moshi wa kupendeza, nahodha amenyoosha upanga, adui mkubwa na wa kutisha. Kamera ikaleta mbao na mawe ya matumbawe yaliyovunjika, na swali la kitoto: meli tano kwa nyumba hii?

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Waingereza wakamvizia nje zaidi ya mwezi, akanyage tu ardhi ya Unguja wamkamate. Tarehe 2 Oktoba maji yakajaa, mashua ya Kijerumani ikasogea hadi mlangoni, akapanda bila kugusa mchanga, akaja Dar es Salaam. Huo ndio mchoro ninaoutaka ukutani kwangu, na hakuna aliyeuchora. Wafuasi wake waliobaki wakatozwa fidia, bei ya makombora ikiwemo. Umepigwa, halafu unaletewa bili ya fimbo.

Ng'ambo ya pili, Mrima, hatukuwa na gazeti la michoro wala wachonga mbao. Tulikuwa na Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, vita vya akina Bushiri bin Salim, ambaye Wajerumani walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Naye alivutia ngoma kwake, sikatai. Ila yeye aliwataja watu wetu kwa majina.

Namba 3: Mzulu mwenye chaki

Habari za Isandlwana, Afrika Kusini ya leo, zilifika London tarehe 11 Februari 1879. Majeshi ya Cetshwayo, mfalme wa Wazulu, yalikuwa yameifuta kambi ya Waingereza tarehe 22 Januari. Zaidi ya watu 1,300 walikufa upande wa Waingereza, askari wao na Waafrika waliowasaidia. Mchoraji wa gazeti aliyeliona hilo hakuwepo.

Tarehe 1 Machi jarida la Punch likatoka na katuni ya John Tenniel, yuleyule aliyechora vitabu vya watoto vya Alice. Mzulu amesimama kama mwalimu, ameandika ukutani somo la siku: usimdharau adui yako. Mbele yake, kitini, ameketi John Bull, Uingereza yenyewe, na tumbo lake lote. Mimi nilikuwa mwalimu miaka kadhaa na ninaujua uso ule. Ni wa mwanafunzi aliyesema ametoa daftari na hakutoa.

Kama wangeishia hapo ningewapa pongezi. Lakini gazeti halikai na aibu wiki mbili. Wachoraji wakashuka Natal: Melton Prior wa The Illustrated London News, ambaye wenzake walimbandika jina la utani la mpira wa biliadi unaopiga kelele, kwa kuwa alikuwa na upara na sauti nyembamba, na Charles Fripp wa The Graphic. Julai wakapata ushindi wao Ulundi, kurasa zikajaa miraba ya askari wekundu iliyonyooka kama rula.

Fripp alirudi nyumbani, na mwaka 1885 akaonyesha mchoro mkubwa wa rangi wa Isandlwana ambayo hakuiona. Waingereza wamesimama mgongo kwa mgongo, sajenti kakunja uso, katikati yupo mtoto wa ngoma. Huo ndio unaotumika hadi leo. Aliyeshinda vita yumo pembeni, kama mvua. Fundi aliutazama kitambo, akauliza: "Sasa hapa nani kashinda?" Nikamwambia. Akaugeuza juu chini kuona kama ungeeleweka zaidi.

Miaka mitatu kabla ya mchoro huo Cetshwayo mwenyewe aliletwa London, Agosti 1882, akamwona Malkia, na umati ukamshangilia barabarani. Magazeti yaliyokuwa yamemfanya zimwi yakamchora na suti, mtu mzima mnene mwenye adabu zake. Sijaona hata moja lililoomba radhi kwa matoleo ya nyuma.

Namba 2: "Hatimaye!"

Hii ningeweza kuipa namba moja kwa ajili ya kicheko peke yake.

Jenerali Gordon wa Uingereza amezingirwa Khartoum, Sudan, na jeshi la Mahdi, kiongozi wa Wasudani. Uingereza imechelewa kumtumia msaada, kisha imetuma, na London yote inahesabu siku. Wahariri wa Punch wanajua gazeti lao litatoka na tarehe 7 Februari 1885, na wanajua, kama kila mtu ajuavyo, kwamba wakati huo Gordon atakuwa ameshaokolewa. Tenniel anachora: Gordon anawapokea waokoaji wake, mikono, furaha, kichwa cha habari kinachomaanisha "Hatimaye!"

Khartoum ilikuwa imeanguka tarehe 26 Januari na Gordon ameuawa. Meli za msaada zilifika siku mbili baadaye, zikageuza. Habari zikaingia London tarehe 5 Februari. Jarida likawa mikononi mwa wasomaji, Gordon akipeana mikono kwa bashasha, siku ambazo nchi nzima ilikuwa matangani.

Wiki iliyofuata Tenniel akachora tena: Britania, yaani Uingereza kwa sura ya mwanamke, amefunika uso, nyuma yake jeshi la Mahdi likimiminika mjini. Kichwa: "Mmechelewa!" Neno hilo lilielekezwa kwa serikali. Mimi hulisoma kama barua ya ofisi kwa ofisi.

Wangekuwa wapiga ramli wa Tanga wangewarudishia watu pesa.

Namba 1: Dakika mbili

Omdurman, Sudan, 2 Septemba 1898. Ukiingia kwenye kurasa za mwaka ule utakutana na farasi. Kikosi cha wapanda farasi kiitwacho 21st Lancers, mikuki mbele, kwato hewani, wanawavaa Wasudani. Richard Caton Woodville, ambaye alikuwa Uingereza, aliwachora kwa ufundi ambao siwezi kuusema vibaya. Ukikaribia unasikia hatamu zinavyolia. Winston Churchill, kijana wa miaka 23, alikuwemo.

Mashambulizi hayo yalidumu kama dakika mbili. Walikuwa takriban watu 400, walidhani wanakimbilia kundi dogo, wakakuta korongo limejaa askari waliojificha. Walikufa 21. Hayakubadili chochote katika vita vile.

Kilichoamua ni kile kilichofanyika tangu alfajiri upande mwingine wa uwanja: mizinga, bunduki za risasi mfululizo aina ya Maxim, na boti za mizinga mtoni. Wasudani zaidi ya 10,000 waliuawa kabla ya adhuhuri. Upande wa Kitchener, yuleyule wa Fashoda, walikufa 48, yaani karibu nusu yao ni hao wa dakika mbili.

Frederic Villiers, mchoraji mkongwe wa vita, alikwenda huko na baiskeli, jangwani, na kamera ya sinema. Akaifunga kamera ndani ya boti ya mizinga. Mizinga ilipolia, kila kitu kikapinduka. Ndiyo hivyo: mashine pekee ambayo ingeonyesha kazi ya mashine ilipigwa teke na mashine.

Ukurasa uliobaki ni wa farasi. Mtu anayefyatua mtambo wa Maxim hana pozi: ameinama, anatoka jasho, anafanya kazi inayofanana na kushona cherehani. Hakuna mhariri anayeuza hilo kwa familia Jumamosi asubuhi. Mwenye mkuki juu ya farasi, huyo anauzika.

Nilimwambia fundi aweke huu fremu nene nyeusi. Akaniuliza wenye bunduki wako wapi. Nikamwonyesha ukingo wa karatasi, pale fremu itakapofunika.

Kwa matendo ya siku ile ilitolewa misalaba minne ya Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Mitatu ilikwenda kwa 21st Lancers. Wapiga Maxim hawakupata hata mmoja.